Tela la Ekseli Moja au la Ekseli Mbili Nyuma ya Land Cruiser: Lipi Litakufaa?

Mtu anayetafuta tela la kufunga nyuma ya Land Cruiser, Land Rover au Hilux huanza kwa kumwuliza fundi kama gari lake litaliweza. Swali hilo lina jibu jepesi. Injini ya 1HZ iliyomo katika Land Cruiser nyingi za huku kwetu, yenye ujazo wa lita 4.2 na isiyo na tabochaja, hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 285 katika mizunguko 2,200 tu kwa dakika, na kwa gia nzito italing'oa karibu kila tela ambalo mtu mwenye akili timamu angelipakia. Swali gumu, ambalo ndilo ningependa liongoze ulinganisho huu, ni kama gari litaweza kulizuia tela hilo likishaanza kushuka. Katika mteremko unaoporomoka mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo, tela lenye uzito wa kilo 1,500 hulisukuma gari kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 150, na msukumo huo haupumziki mpaka mteremko uishe. Anayenunua tela kwa kuangalia mlima wa kupanda peke yake amefanya nusu ya hesabu.

Wauzaji na mafundi wa kuchomelea kwa kawaida watakuwekea mbele chaguo tatu: tela dogo la ekseli moja lisilo na breki, tela la ekseli moja lenye breki, na tela la ekseli mbili, ambalo karibu daima huwa na breki au walau linapaswa kuwa nazo.

La kwanza halihitaji maneno mengi. Katika nchi za Ulaya, tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750, na kiwango hicho ni cha tela pamoja na mzigo wake. Australia nayo huanza kudai breki pale pale kwenye kilo 750, kisha likivuka kilo 2,000 hudai breki katika kila gurudumu pamoja na kifaa cha kufunga breki za tela endapo litachomoka. Hata pale ambapo askari wa barabarani hatakusimamisha kwa sababu ya jambo hilo, kipimo hicho kina maana yake. Tela la chuma lililochomelewa mtaani halikosi kuwa na kilo 250 likiwa tupu, kwa hiyo mzigo halali unaobaki ni kilo 500, yaani mifuko kumi ya saruji. Watu hupakia ishirini. Kwa safari za shambani zisizozidi mifuko hiyo kumi, au kwa kubeba mahema, majiko na madumu ya maji, tela hili ndilo rahisi kununua, kulitunza na kulizungusha kwa mikono, na sioni sababu ya mtu kulipa zaidi. Akijua kwamba mwakani atataka kubeba tani moja, basi asilinunue kabisa, kwa sababu kuongeza breki baadaye kunadai kubadilisha ekseli na mara nyingi shingo nzima, yaani fito la mbele linaloliunganisha tela na gari.

Ushindani wa kweli uko kati ya hayo mawili yaliyobaki.

Ekseli moja dhidi ya ekseli mbili

Kwenye lami iliyonyooka, tela la ekseli mbili lina ubora usiobishaniwa. Magurudumu manne yaliyofuatana hulishika lisitikise mkia, na tairi moja likipasuka dereva hubaki na tairi jingine upande uleule la kumfikisha pembeni mwa barabara bila kupinduka. Shingo yake pia haipandi na kushuka kwa kila dosari ya upakiaji, kwa kuwa tela limesimama kwenye sehemu mbili. Anayesafirisha mashine ya kuchimbia, jenereta kubwa au ng'ombe wawili kutoka Dodoma hadi Morogoro kwa barabara kuu hana haja ya kusoma zaidi ya hapa: achukue ekseli mbili zenye breki katika magurudumu yote manne.

Hali hubadilika pale lami inapokwisha. Tela la ekseli mbili likipinda kona kali, magurudumu yake hayaviringiki tu, bali huburutwa kwa ubavu, na juu ya changarawe yenye mawe makali mburuto huo hula tairi na kuipinda ekseli isiyo imara. Kwenye tope zito la udongo mweusi wa mbugani, au kwenye mchanga wa korongo lililokauka, magurudumu manne yanayokataa kugeuka huwa kama jembe lililozamishwa, na gari linalazimika kutumia nguvu zake nyingi kupambana na tela lake lenyewe. Tuta refu lililojengwa katikati ya kijiji nalo huleta shida yake. Ekseli ya mbele ya tela ikiwa juu ya tuta huku ya nyuma ikining'inia, uzito mkubwa huhama ghafla kutoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye ekseli moja iliyotengenezewa nusu ya mzigo. Matela yenye springi zilizounganishwa kwa mkono wa kusawazisha katikati hupunguza tatizo hilo kwa kugawa uzito kati ya ekseli mbili, ilhali yale ambayo kila ekseli imefungwa kivyake hayana kinga yoyote. Kwa hiyo, ukiinama chini ya tela la ekseli mbili kulikagua, tafuta mkono huo kabla ya kuangalia rangi na sakafu.

Tela la ekseli moja hupita njia ileile iliyopitwa na gari, hasa kama upana kati ya magurudumu yake ni sawa na wa gari, na fundi hapaswi kukubaliwa akisema kwamba jambo hilo ni dogo. Magurudumu ya tela yakiingia kwenye mifereji iliyokwisha kukanyagwa na gari, tela hufuata kwa utulivu. Yakiwa yametofautiana kwa upana wa kiganja tu, gurudumu moja hupanda ukingoni, tela huinama, na gari huvutwa ubavuni kila baada ya mita chache. Tela hili pia laweza kufunguliwa na kugeuzwa na watu wawili katika njia nyembamba ambayo gari haliwezi kugeuka likiwa nalo, jambo ambalo aliyewahi kukwama kwenye njia ya shamba yenye mtaro huku na ukuta kule atalithamini kuliko sifa nyingine zote.

Udhaifu wa tela la ekseli moja ni kwamba linategemea mno namna lilivyopakiwa, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu ajali nyingi huanzia hapo.

Uzito wa shingo

Tela la ekseli moja husimama kama mizani ya bembea. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, shingo hunyanyuka na kulinyanyua gari kwa nyuma, na katika mwendo fulani tela huanza kutikisa mkia, kwanza polepole, kisha kwa upana unaoongezeka hadi kulitawala gari. Mwendo ambao mtikisiko huo huanzia hutegemea uzito ulipo: mizigo mizito ikiwa juu ya ekseli na shingo ikibeba sehemu yake, tela hutulia hata kwenye kasi ya kawaida ya barabara kuu, lakini mzigo uleule ukisambazwa hadi kwenye ncha ya nyuma, mtikisiko waweza kuanza mapema sana. Ndiyo maana mtu anaweza kuliendesha tela moja mwaka mzima bila tatizo, kisha akapinduka siku aliyolipakia vibaya.

Waingereza hushauri shingo ibebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa tela, nao Wamarekani hushauri asilimia 10 hadi 15. Tofauti hiyo inatokana kwa kiasi fulani na aina za matela na miendo ya barabara za kila upande. Kwa anayechanganya lami na njia mbaya, mimi huchukua asilimia 10, nikiangalia pia kikomo cha gari lenyewe. Tela la kilo 1,200 litakuwa na kilo 120 shingoni. Kuzipima hakuhitaji kifaa cha ajabu, kwa kuwa mizani ya kuning'iniza inayotumiwa na wanunuzi wa mazao inatosha: tela likiwa limepakiwa na limesimama mahali tambarare, shingo hunyanyuliwa kwa mizani hiyo hadi usawa wa kiungio cha gari, na namba inayosomeka ndiyo uzito wake. Kabla ya zoezi hilo, magurudumu ya tela yazuiliwe kwa mawe mbele na nyuma.

Kuzidisha nako kuna madhara. Chukulia gari ambalo umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.8, na kiungio chake kimetokeza mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 150 zikiwekwa kwenye kiungio hicho, ekseli ya mbele hupoteza kilo 64 hivi, na usukani huwa mwepesi kwa namna ambayo dereva asiyejua huifurahia. Zaidi ya hayo, uzito wa shingo ni sehemu ya mzigo wa gari. Aliyejaza watu watano, mizigo ya paani na pipa la dizeli nyuma, kisha akaongeza kilo 150 kwenye kiungio, huenda amekwisha kuvuka kikomo cha gari kabla tela halijasogea hata hatua moja.

Mtikisiko ukianza licha ya tahadhari zote, mguu utolewe kwenye mafuta, usukani ushikwe ukiwa umenyooka, na mwendo uachwe ushuke wenyewe. Kukanyaga breki ya gari kwa nguvu huongeza balaa, na kujaribu kuurekebisha mtikisiko kwa kuzungusha usukani humfanya dereva achelewe kila mara kwa nusu mpigo. Jambo pekee linaloruhusiwa ni kufunga breki za tela peke yake, kama tela lina breki za namna hiyo.

Breki za msukumo dhidi ya breki za umeme

Hapa ndipo pesa inapopaswa kwenda, hata kama italazimu kuchukua tela dogo kuliko lile ulilolikusudia. Kasi ikipanda kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, nguvu inayopaswa kumezwa na breki huongezeka kwa zaidi ya robo tatu, yaani hufika mara 1.78 ya ile ya awali, na kila kilo ya tela imo katika hesabu hiyo.

Breki za msukumo hufanya kazi bila waya wala swichi. Gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma, shingo yake hurudi nyuma ndani ya mrija wake, na mwendo huo huvuta kebo au fito zinazofunga breki za magurudumu. Uzuri wake ni kwamba fundi yeyote anayejua breki ya mkono ya gari ataielewa na kuitengeneza, na vilevile tela linaweza kufungwa nyuma ya gari lolote lenye kiungio kinacholingana. Kasoro yake huonekana mlimani. Dereva mwangalifu akishuka kwa gia nzito huku injini ikilizuia gari, tela halijui kwamba gari limezuiwa na injini na si kwa breki. Linachohisi ni kwamba linasukuma, kwa hiyo breki zake hubaki zimefunga muda wote wa mteremko. Niliwahi kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, nikiwa na tela la viazi lenye breki za namna hii, na nusu ya njia sikuwa nimekanyaga breki zaidi ya mara chache. Hata hivyo, niliposimama nilikuta moshi mwembamba ukitoka kwenye rimu za tela, na ngoma za breki hazikushikika. Tangu siku hiyo husimama kabla joto halijafika huko. Anayeshuka mlima Kitonga, mkoani Iringa, kutoka Ilula kuelekea Mahenge akiwa na tela la namna hii atenge muda wa kupumzika kabla ya kuanza kushuka, kwa kuwa barabara ile ni nyembamba, ina malori mengi, na si mahali pa kusimama ovyo.

Breki hizo zina kero nyingine ndogo ya kurudi nyuma. Za zamani hufunga gari linaporudisha tela mlimani, kwa sababu shingo inasukumwa vilevile, hivyo mtu hulazimika kushuka na kuweka kizuizi. Za kisasa hujiachia zenyewe magurudumu yakizunguka kinyume. Ukinunua lililotumika, lirudishe nyuma kwenye mteremko kabla ya kulipa.

Breki za umeme huendeshwa na kifaa kilichofungwa karibu na dereva, ambacho hupeleka umeme kwenye sumaku zilizomo ndani ya ngoma za magurudumu ya tela. Dereva anaweza kuongeza au kupunguza ukali wake kulingana na mzigo, na anaweza kuzifunga peke yake bila kugusa breki ya gari. Uwezo huo wa pili una thamani kubwa kwenye mteremko wenye utelezi. Gari likifungwa breki huku tela likiendelea kusukuma, tela huelekea kulipita gari na kujikunja ubavuni. Breki za tela zikitangulia kidogo, tela hulivuta gari nyuma na msafara mzima hubaki umenyooka. Injini ikilizuia gari, breki za umeme hubaki wazi mpaka dereva azitake, hivyo hazichemki bila sababu. Kwa upande wa pili, zinategemea waya unaoning'inia kati ya gari na tela, unaokatwa na mawe na vijiti, na sumaku zake hudhoofika ngoma zikijaa matope au maji ya mtoni. Isitoshe, si kila gereji ya wilayani itakuwa na sumaku ya akiba.

Uamuzi wangu katika jambo hili haugawanyiki sana. Kwa tela lisilozidi tani moja linalozunguka wilaya moja yenye vilima vya wastani, breki za msukumo zinatosha na zitakusumbua kidogo. Kwa tela zito zaidi ya hapo, au kwa mtu ambaye njia yake ya kila wiki ina mteremko mrefu, ningelipa gharama ya breki za umeme na kubeba sumaku mbili za akiba.

Tufe au ndoano na pete

Kiungio cha tufe la milimita 50 ndicho kilichozoeleka. Hukaza vizuri, hakigongi, na shingo haitikisiki mbele na nyuma. Ndoano yenye pete, ambayo wengi wameiona kwenye matela ya kijeshi, hupiga kelele kwenye barabara yenye mawimbi, na pete hulika polepole. Lakini gari likivuka korongo kwa mshazari, mbele likiinamia kushoto huku tela likiinamia kulia, kiungio cha tufe hufika mwisho wa kujipinda kwake na kuanza kulazimishwa, ambapo ndoano na pete huendelea kuzunguka bila tatizo. Australia kumetengenezwa viungio vya aina ya tatu, kama McHitch, vinavyojipinda pande zote bila kugonga, ingawa kwetu mtu hulazimika kuviagiza.

Asiyevuka makorongo abaki na tufe. Lakini ahakikishe vipimo, kwa kuwa matufe ya Kimarekani ya inchi 2 yana milimita 50.8, na kikombe cha milimita 50 hakitalikalia tufe hilo sawasawa hata kikionekana kimefunga. Kwa aina yoyote ya kiungio, minyororo miwili ipitishwe kwa kukingamana chini ya shingo, ili shingo ikichomoka iangukie juu ya minyororo badala ya kujichimbia barabarani.

Gari lenyewe

Gari refu hustahimili mtikisiko wa tela kuliko gari fupi. Kati ya ekseli zake, Land Cruiser 79 yenye kabini moja ina milimita 3,180, Land Rover Defender 110 ya zamani ina 2,794, na Suzuki Jimny ya milango mitatu ina 2,250 tu. Springi bapa za nyuma za Land Cruiser 79 huinama kidogo chini ya uzito wa shingo, na Defender yenye springi za mviringo hulala zaidi, lakini yenyewe huzungusha magurudumu manne muda wote, hivyo dereva wake hashtukizwi na kipande cha tope kabla hajaingiza fowili.

Kijitabu cha Defender hiyo ya zamani kina somo ambalo wenye magari ya aina nyingine wangefaidika nalo. Kwenye barabara nzuri kinaruhusu tela lenye breki la kilo 3,500, lakini nje ya barabara kinashusha kikomo hadi kilo 1,000. Lisilo na breki hushuka kutoka 750 hadi 500. Muuzaji atakutajia ile namba ya kwanza. Anayekwenda Serengeti kupitia Ngorongoro, kwenye mawimbi na vumbi la barabara ile, au mkulima wa milimani Kilolo anayeshusha mazao hadi barabara kuu, anapaswa kufanya hesabu kwa kutumia ile ya pili, na kwa wote wawili ningechagua ekseli moja yenye breki, mzigo usiozidi tani moja pamoja na tela.

Limebaki jambo la rimu, ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamekwama. Land Cruiser 79 ina nati tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 150, Hilux na Prado zina sita kwenye duara la 139.7, na Defender ya zamani ina tano kwenye duara la 165.1. Tela likiwa na duara sawa na la gari lako, tairi moja la akiba hutumika kwa yote mawili, na matairi mawili ya akiba huwa ya msafara mzima. Kabla ya kulipa, vua tairi la akiba la gari lako, lifunge kwenye tela linalouzwa, kisha lizungushe kwa mkono uone kama linagusa springi au bodi.